Mzee wa Mashine na sahani zilizorudi nusu

Nikimkumbuka Mzee wa Mashine, namwona kwanza akiwa mweupe. Vumbi la pumba lilimkaa kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye mikunjo ya shingo. Jua la saa nne lilipopenya kwenye matundu ya mabati, vumbi lile lilisimama hewani kana kwamba halina haja ya kuanguka, naye alikuwa katikati yake, mkono mmoja juu ya mashine, kichwa kimeinama kidogo upande. Alikuwa anasikiliza. Mengi ya Rujewa nimeyasahau, lakini picha hiyo hunijia nikiwa naosha vyombo au nimekaa tu, na hunichukua muda kurudi.

Alikuwa na jina la ubatizo, refu, ambalo lilitumika kanisani na kwenye kadi ya kliniki. Kwingine kote alikuwa Mzee wa Mashine, hata kabla hajazeeka. Wasifu wake uliosomwa siku ya mazishi, kule Iringa, ulikuwa na tarehe na hesabu ya wajukuu. Ulisomwa vizuri. Lakini mtu aliyesomwa pale mimi sikumjua sana, na ninalo jambo moja juu yake ambalo sikulisema pale. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoweza.

Mimi nilikuwa mama lishe. Banda langu pale Rujewa lilikuwa hatua kama thelathini kutoka mlango wa mashine ya kukoboa mpunga, na kwa miaka tisa niliwapikia wapakiaji wa magunia, wakulima na madereva waliokuwa wakisubiri zamu yao. Mzee alikula kwangu kila siku ya kazi. Alikuja saa saba, akakung'uta mikono ili vumbi litoke, akakaa kwenye benchi la ukutani, na watu walipomwona amekaa nao wakakaa. Wakati huo sikujua kwamba benchi langu lilikuwa linajaa kwa sababu yake.

Mpunga aliuheshimu kama mtu. Mkulima akileta gunia, yeye alichota punje chache, akazisugua kiganjani kwa kidole gumba, akatia moja mdomoni na kuivunja kwa meno ya mbele. Alisikiliza mlio wake. Ikivunjika kwa sauti kavu, alitikisa kichwa kukubali. Ikivunjika kimya, alilifunga gunia na kumrudishia mwenyewe akaanike tena juani. Watu walimwomba, walimtajia misiba na ada za shule, mmoja aliwahi kuja na mwenyekiti wa kijiji. Hakukoboa. "Mpunga haufokewi," alisema. "Ukiuharakisha unavunjika, unakupa chenga."

Subira hiyo yote ilikuwa ya mpunga. Kwa maneno ya watu hakuwa nayo hata kidogo. Ukianza kumsimulia safari yako kuanzia ulivyoamka, ulipofika kwenye kunawa uso ulikuta ameshaondoka. Kanisani alilala mahubiri yakianza, na bado jioni aliweza kukuambia mchungaji alikosea wapi. Kuku wa majirani aliwaita wezi, akawatupia makopo mchana kutwa. Jioni, akifunga mashine, alimwaga chenga lundo zima mlangoni, akaenda zake bila kugeuka nyuma, kana kwamba zimemdondoka kwa bahati mbaya.

Pua yake ilikuwa na sifa mpaka Chimala. Walisema aliweza kufumba macho akakuambia mchele huu ni wa Kyela na huu ni wa hapa hapa Usangu. Mimi nililiona hilo kwa macho yangu mara nyingi. Baadaye nikaona kitu kingine. Siku moja maharage yaliniungulia, moshi ukajaa bandani, wapakiaji wakatoka nje wanakohoa. Yeye akabaki ameketi, akaniuliza kama chakula kinakaribia. Nilicheka nikidhani ni utani wake. Kuanzia hapo nikawa namtazama wafanyabiashara wanapomletea mchele auhukumu. Aliinama, akavuta pumzi, kisha kabla ya kutoa jibu akainua macho kidogo na kumtazama mwenye gunia usoni. Alikuwa anausoma uso. Pua ilikuwa imekufa na hakumwambia mtu. Ni uongo pekee niliomkamata nao, na sikumwambia kwamba nimemkamata.

Tumbo lilifuata, au labda lilitangulia, sina hakika. Naliandika hili waziwazi kwa sababu kulionea aibu ndiko kulikotuharibia. Mzee alikuwa hapati choo. Siku tatu, siku nne, siku tano. Aliingia choo cha nyuma ya mashine na kukaa humo mpaka wapakiaji wakaanza kumtania kwamba amejenga. Alikunywa maji ya moto na chumvi, alitafuna mbegu za papai, alipewa mizizi na mwanamke mmoja wa Igurusi ambayo ilimtesa siku nzima kisha mambo yakarudi palepale. Haya yote ni kabla mkono wake haujatetemeka hata mara moja. Miaka kabla.

Kisha sahani zikaanza kurudi nusu.

Kwetu, mtu akila nusu na kuacha, mpishi anajiuliza. Akiacha tena siku ya pili, majirani wanajiuliza. Siku ya tatu hakuna anayejiuliza, maana wameshapata jibu. Jibu ni kwamba ameona kitu kwenye chakula, au ameota, au ameonywa na mganga kwamba mkono unaompikia si mzuri. Mtu anayeogopa kuwekewa kitu hali vizuri mahali anapopaogopa. Na Mzee hakuwa mtu wa hivihivi. Yeye akiacha sahani, sahani hiyo inazungumza.

Wapakiaji walianza kwa utani. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye sauti kubwa, alimwambia, "Mzee, siku hizi umefunga Ramadhani na wewe Mluteri?"

"Nafunga kwa niaba yako," Mzee akamjibu, "wewe unayekula sahani mbili."

Walicheka. Lakini wiki mbili baadaye yule kijana mrefu alihamia banda la ng'ambo, na wenzake wakamfuata.

Nilimvizia Mzee siku moja akiwa peke yake. Nikamuuliza chakula changu kina nini. Akasema hakina kitu, ila kimejaa. Nikamuuliza kimejaa wapi, wakati amekula vijiko vitatu. Akaweka kiganja chini ya kifua, pale mbavu zinapokutana.

"Hapa," akasema. "Cha jana bado kipo."

Sikumwamini. Nasema ukweli, nilimwona mwongo na mnafiki. Chakula cha jana kinakaaje tumboni mpaka leo? Niliacha kumwamkia. Yeye hakuacha kuja. Alikaa benchi lilelile, akaagiza, akala vijiko vitatu au vinne kwa taabu, kisha akaifunika sahani kwa sahani nyingine, taratibu, kama anayefunika uso wa mtu. Sasa najua alikuwa anaona haya na alitaka nisione kilichobaki. Lakini walioona walisema anafunika ili nzi wasile wakafa. Mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya jirani yangu alimkataza mwanawe asipokee hata kiazi kutoka kwangu. Alimkataza nikiwa nasikia.

Nilifunga banda msimu wa mavuno, wakati wengine wote walikuwa wanafungua. Nilihamia Mbeya, Mwanjelwa, nikapanga vyumba viwili na kufungua genge la mchele na maharage. Sikupika tena kwa kuuza. Mzee sikumuaga.

Ilipita miaka minne. Alinitokea mwezi wa sita, Mbeya ikiwa kwenye baridi yake, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye paa za vibanda. Watu walikuwa wanapita kama vivuli vyenye makoti. Kivuli kimoja kilisimama mbele ya genge langu na hakikuondoka. Nilimtambua kwa jinsi kichwa kilivyoinama upande. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukining'inia, na kidole gumba kilikuwa kinasuguana na kidole cha shahada, taratibu, bila kukoma. Nilidhani anapima mchele wangu. Kisha nikaona kiganja ni kitupu.

"Kamwene, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, ilibidi nisogee.

"Kamwene, Mzee."

Akasema amesikia nauza mchele, amekuja kuuangalia. Nilimwekea kigoda. Kuanzia hapo mpaka jioni, kipande kwa kipande, nikajua kwamba amepewa vidonge vya ugonjwa wa kutetemeka kwenye hospitali kubwa, kwamba wanataka arudi kila baada ya wiki chache wampime dozi, kwamba barabara ya Rujewa inamchosha, na kwamba binti yake wa Iringa yuko kwenye chumba kimoja na watoto wanne. Hakuniomba kitu. Nilifunga genge, nikambebea begi lake.

Alikaa kwangu miezi mitatu.

Sasa nafika kwenye lile jambo. Nilimpikia Mzee kama mtu anayejitetea mahakamani. Asubuhi kabla ya kidonge nilimwandalia ugali, maharage ya kuungwa kwa nazi, yai, kikombe cha maziwa. Mchana hivyohivyo, na nyama ikipatikana. Dawa haiingii tumbo tupu, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo: mtu ashibe kwanza ndipo ameze, la sivyo dawa itamkwangua matumbo. Sikuwahi kukutana na mtu anayesema vingine.

Na Mzee alikula. Alikula vyote. Ilimchukua saa nzima, wakati mwingine zaidi. Tonge lilikaa mdomoni likizunguka, mate yakamtoka pembeni, akayafuta kwa leso aliyokataa nimfulie. Lakini sahani ilirudi nyeupe. Nami niliichukua sahani hiyo nikaenda kuiosha nje, kwenye bomba la wapangaji wote, mahali panapoonekana. Majirani wa Mbeya hawakujua lolote la Rujewa. Niliiosha pale hata hivyo.

Akazidi kuharibika. Zamani, alisema, kidonge kilimfungua baada ya nusu saa, mkono ukatulia na miguu ikakubali. Kwangu alikaa kwenye kiti akisubiri mpaka jua likawa utosini. Alisimama mlangoni, anataka kutoka, na miguu ikakataa, imegandana na sakafu, mwili ukiinama mbele bila yenyewe kwenda. Tumbo lilivimba likakaza. Kuna wiki alimaliza siku sita bila choo. Mimi nikaongeza maharage ili apate nguvu. Nikaongeza maziwa.

Kliniki ya tatu nilimsindikiza, kwa kuwa hakuweza tena kwenda peke yake. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye koti la sufu juu ya gauni lake jeupe. Alimtazama Mzee akitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, dawa unampa saa ngapi?"

"Akishamaliza kula, nesi."

"Anakula nini?"

Nikamtajia. Nilimtajia kwa fahari, chakula kimoja kimoja. Nesi akaweka kalamu chini.

Alinieleza bila ukali. Alisema dawa ile haifanyi kazi ikiwa bado tumboni. Ni lazima ivuke tumbo, iingie kwenye utumbo mwembamba, ndipo damu iichukue. Na ugonjwa huu, ambao wao wanauita Parkinson, hauishii mikononi. Unapunguza mwendo wa kila kitu ndani: koo linameza polepole, tumbo linaachia chakula polepole, utumbo unasukuma polepole. Ndiyo maana mgonjwa anashiba kwa vijiko vitatu. Ndiyo maana choo kinakataa. Kwa wengine, alisema, tumbo na pua huanza kuumwa miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Halafu maharage, nyama, mayai na maziwa vina tabia ya kugombania mlango mmoja na dawa hii, na vikiwa vingi vinaitangulia. Mgonjwa ameze kidonge kwa maji, asubiri nusu saa, ndipo ale. Vyakula vizito vya namna hiyo ale jioni. Mapapai, maji mengi, na kutembea kidogo kila siku hata kama ni kuzunguka uani.

Nilikuwa namsikia, na wakati huohuo nilikuwa Rujewa, kwenye benchi la ukutani, nikiona kiganja kimewekwa pale mbavu zinapokutana. Cha jana bado kipo. Kilikuwepo kweli. Mzee alikuwa ananiambia ukweli mtupu, nami nilimnyima salamu miezi mingi. Na sasa, kwa kumpenda, nilikuwa nimemfungia dawa mlango zaidi ya siku sabini. Nilimtazama. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kesho yake nilimpa kidonge na maji. Nikakaa mbali na jiko, mikono nimeikalia. Baadaye nikampa uji mwepesi. Siku ya nne, baada ya nusu saa hivi, mkono wake ulitulia juu ya goti, ukalala kama mnyama aliyechoka. Aliutazama kwa muda. Kisha akaomba ungo na mchele kidogo. Nilimwekea. Akachambua mawe mpaka mchele ukaisha, akaomba mwingine, na chumba kizima kilikuwa na sauti ile ndogo ya punje zikigusana. Asubuhi hiyo sikwenda gengeni. Sijui nilikaa pale muda gani.

Baada ya wiki mbili binti yake akaja kumchukua. Alikuwa amepata nyumba ya vyumba vitatu. Nilimwandikia kwenye karatasi saa za dawa na saa za chakula, kwa herufi kubwa. Kwa nini nilijua saa hizo, hilo sikuliandika. Na Mzee sikumwambia kitu.

Nilikwenda kumwona mwaka uliofuata. Iringa asubuhi hiyo ilikuwa imezama kwenye ukungu, mawe makubwa ya kilimani yanaonekana na kupotea. Binti yake alinikaribisha, akanionyesha dawa ya saa saba ilipo na sufuria ya ndizi jikoni, akaenda kwenye kikao cha kina mama wa usharika. Tukabaki wawili.

Alikuwa amekonda. Uso wake haukusogea tena, ugonjwa ulikuwa umeutuliza wote, kwa hiyo kujua anachofikiri ilibidi umtazame macho peke yake. Nilimpa habari za mvua Usangu. Nilimwambia ile mashine sasa inaendeshwa na vijana wawili na wanakoboa chochote kinacholetwa. Macho yalicheka kidogo. Kisha nikaona kwamba nisiposema leo sitasema.

"Mzee, nina neno," nikamwambia. "Ile miezi mitatu ya Mbeya, chakula changu ndicho kilichokuwa kinakuzuilia dawa. Nilikuzidishia ugonjwa kwa mkono wangu. Sikukuomba msamaha."

Akayafuta mate kwa leso yake, taratibu.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Nesi aliniambia. Kliniki ya kwanza. Maji, subiri, halafu chakula."

Nikamuuliza sasa kwa nini alikula, kila siku, mpaka mwisho wa sahani, na mimi nikimtazama anavyoganda mlangoni.

Jibu lake lilikuja kwa vipande, na kati ya kipande na kipande alimeza mate.

"Rujewa niliacha sahani," akasema. "Wakakuondoa." Akameza. "Ningeacha tena?"

Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli, au aliona nimebeba mzigo akaamua kuubeba yeye. Binti yake nimemuuliza, hajui. Nesi yule amehamishwa. Nimeiacha hivyohivyo.

Saa saba ilifika. Nilimpa kidonge, nikamshikia kikombe, nikatazama koo. Mara ya kwanza halikushuka. Mara ya pili likashuka. Nikarudisha kikombe mezani na kusogeza kiti changu karibu na chake. Kutoka jikoni harufu ya ndizi ilikuwa inakuja, zimeiva, zinangoja kupakuliwa. Aligeuza macho kwangu kuona kama nitainuka.

Sikuinuka. Nilikaa naye nusu saa nzima bila kumpa kitu.